Chora upepo kwanza: mwongozo wa mchoro wa maandalizi kwa sanaa ya utendaji mwaloni Kigoma

Mchoro wangu wa kwanza wa kazi ya utendaji ulikuwa mzuri kupita kiasi. Nilimpa mtendaji kivuli cha penseli ya 4B, nikamchorea shuka jeupe la mita tano nyuma yake, ziwa likilala kwa mbali, na milima ya Kongo ikififia kama inavyofifia kiangazi. Kila aliyeuona aliusifu. Siku ya kazi, saa kumi jioni, upepo wa ziwani ukaingia kwenye lile shuka. Nilitaka ukuta, nikapata tanga. Mti mmoja wa kulishikilia uling'oka, wa pili ukafuata, na mtendaji wangu alimalizia onyesho akiwa amelikalia shuka ili lisifike stesheni kabla ya treni.

Nilikuwa nimechora picha ya kazi, kazi yenyewe sikuichora. Mwongozo huu unahusu hilo la pili: namna ya kuandaa mchoro wa kazi ambayo msanii anasimika vitu mahali fulani, halafu mwili wa mtu, kwa saa kadhaa, unakuwa sehemu ya vitu hivyo. Wengine huita instolesheni. Mimi nasema usimikaji, kwa sababu huku kwetu kitu kisiposimikwa sawasawa hulala chini chenyewe.

Mfano nitakaoutumia ni mmoja mwanzo hadi mwisho, ili usipotee. Wavu uliochanika umetundikwa kati ya miti miwili, mita 8 kutoka mti hadi mti, kwenye mchanga wa Kibirizi, mmoja wa mialo ya Kigoma, yaani fukwe ambapo boti za uvuvi hushusha samaki. Mtu mmoja anaushona kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Giza likiingia, taa kumi na mbili zinawashwa moja moja. Basi.

Vifaa

Karatasi mbili tatu za manila zilizokatwa hadi ukubwa wa A3, penseli ya HB na ya 2B, rula, futi ya fundi, na mkaa wa jikoni uliopoa vizuri. Kitu cha maana kuliko vyote ni nailoni angavu ya kujaladia madaftari, ile ya dukani kwa mita, pamoja na maka peni ya kuandikia juu ya plastiki. Karatasi za kunakilia ni ghali, zikipata unyevu wa ziwa hujikunja kama samaki kwenye mafuta. Nailoni haijali. Ongeza kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili chenye vifuniko, cha kubebea michoro ukipanda boti au pikipiki.

Hatua ya kwanza: fika mwaloni mikono mitupu

Nenda mara tatu kabla hujachora chochote: alfajiri boti zinaporudi, saa ileile utakayofanyia kazi, na usiku. Usitoe daftari. Mtu anayeandika mwaloni hudhaniwa mtu wa ushuru, na utaongopewa kila kitu. Msalimie mzee unayemkuta akishona nyavu, shikamoo yako ikiitikiwa kaa chini, na jambo lako lije baada ya yake. Kwa mzee kama huyo nilijifunza kwamba mahali nilipopapenda pana mkondo wa maji ya mvua unaofukua mchanga kila masika. Juu palionekana pagumu kabisa.

Ukisharuhusiwa kupima, pima upya kila kitu, hata kama una vipimo vya mwaka juzi. Tangu 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kumeza sehemu za mialo yetu, Kibirizi na Katonga zikiwemo. Picha ya setilaiti kwenye simu inaweza kukuonyesha ufukwe ambao leo ni makazi ya kambare. Mimi hupima kwa hatua: kwanza nahesabu nyumbani hatua zangu katika mita 10, kisha natembea ufukweni bila kuvuta macho ya watu. Futi inatoka mwishoni, kwenye sehemu ya miti tu.

Kuhusu upepo, chukua mti mrefu, ufunge vipande vyembamba vya kitenge kwenye urefu wa mita 1, mita 2 na mita 3, uusimike, ukae. Kila nusu saa andika vipande vinaelekea wapi na vimesimama kwa kiasi gani. Mchana ziwa hupuliza kuelekea nchi kavu, usiku nchi kavu hupuliza kuelekea ziwani, na katikati pana muda mfupi ambapo vitambaa vyote vinalala. Muda huo ukiupata, umepata kilele cha kazi yako bila kukitafuta.

Hatua ya pili: mwezi

Hapa watu wa Dar hukosea. Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, sasa taa za betri na za sola zimeshika nafasi kubwa. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haiwavuti dagaa, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo una chaguo mbili na kila moja ina hasara yake. Ukifanya kazi siku za giza, nyuma ya wavu wako kutakuwa na mstari wa taa ziwani, mandhari ambayo hakuna fedha ya kuinunua, ila wavuvi, wale unaotaka wauone wavu, watakuwa huko kwenye taa. Ukifanya siku za mbalamwezi, wavuvi wote wapo, wanakunywa kahawa, wana muda wa kukukosoa, na ziwa nyuma yako ni tupu.

Mimi nilichagua mbalamwezi. Taa za ziwani nilizihamishia kwenye wavu, ndiyo sababu zikawa kumi na mbili. Uamuzi huu uandikwe kwenye kona ya mchoro pamoja na tarehe, kwa maana mchoro wa wiki ya giza hautumiki wiki ya mbalamwezi. Angalia pia kalenda ya uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekuwa amechora mitumbwi ikiondoka jioni kama sehemu ya onyesho lake ilibidi afute.

Hatua ya tatu: mchoro wa kunguru

Huu ni mchoro wa kutazama kutoka juu. Tumia skeli ya 1:50, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni mita 1 mchangani. Mita 8 za wavu zinakuwa sentimita 16, na karatasi ya A3 yenye upana wa sentimita 42 inabeba mita 21 za ufukwe. Inatosha.

Utaratibu wa kuchora una maana. Anza na mshale wa upepo, mkubwa, kwenye kona. Kisha mstari wa maji ulivyo leo, na mstari mwingine wa nukta unaoonyesha mawimbi yanapofika upepo ukichafuka. Fuata njia za watu: wapi wanapita na ndoo, wapi mitumbwi inavutwa, wapi wapakiaji wanageuzia mikokoteni. Halafu chanja za kuanikia dagaa, kila moja na jina la mwenyewe, ili usije ukasema "ile chanja" mbele ya mama aliyeijenga kwa mikono yake. Nafasi inayobaki nyeupe ndiyo yako. Utagundua ni ndogo kuliko ulivyodhani, na si pale ulipotaka.

Watu hunilaumu kwamba namna hii inaua wazo. Labda. Wazo langu la shuka liliuawa na upepo mbele ya watu sabini; bora lingekufa mezani kwangu.

Hatua ya nne: ubavu na kamba

Sasa geuza jicho. Chora kazi ukiwa umesimama mbele yake, kisha ukiwa ubavuni, kwa skeli ileile. Chora na sehemu ya mti iliyo ndani ya mchanga. Wasanii hupenda kuchora kinachoonekana tu, na kazi huangushwa na kisichoonekana.

Kamba ya kutundikia haiwi mstari wa rula. Ichore imebonyea, na kiasi cha mbonyeo kiwe ni hesabu. Tuseme wavu ukilowa una kilo 16, yaani kilo 2 kwa kila mita ya kamba. Zidisha 2 kwa 8 mara 8, upate 128. Gawanya kwa nane mara mbonyeo wa katikati, kwa mita. Kamba ikibonyea sentimita 40, unagawanya kwa 3.2, na mvuto kwenye kila mti ni kama kilo 40. Ukiikaza ibonyee sentimita 10 tu, unagawanya kwa 0.8, na mvuto unafika kilo 160. Wavu ni uleule, miti ni ileile. Ulichoongeza ni unadhifu. Kijana mwenye misuli anayekaza kamba "ikae vizuri" ndiye anayekung'olea miti.

Kwa upepo wa mita 10 kwa sekunde, kitambaa kizito kinasukumwa kwa takribani kilo 6 au 7 kila mita ya mraba, na kasi ikizidi maradufu msukumo unakuwa mara nne. Shuka langu la mita 5 kwa 2 lilikuwa linasukumwa kwa uzito wa mtu mzima. Wavu hupitisha upepo, ndiyo maana nimehamia huko, ila usijaze mapambo mpaka ugeuke shuka.

Kila mti uchorewe kamba mbili za kuushikilia, zikishuka kwa pembe ya nyuzi 45, mwisho wake zikifungwa kwenye gunia la mchanga lililozikwa kwa ubavu. Mambo ya vigingi vya mbao mchangani mimi nilishayaacha.

Hatua ya tano: chora saa

Kazi ya utendaji ina upana, ina kimo, na ina saa tatu. Wengi huchora upana na kimo wakasahau saa.

Weka mchoro wa kunguru mezani, ulaze juu yake kipande cha nailoni angavu na ukibandike kwa selotepu upande mmoja kama ukurasa. Juu ya nailoni hiyo chora hali ya saa kumi na moja jioni: mtendaji yuko wapi, kivuli kinaangukia wapi, watu wamesimama wapi. Kipande cha pili kiwe cha saa kumi na mbili, cha tatu dakika ishirini baada ya jua kuzama, cha nne saa mbili kamili. Sasa unaweza kufunua na kufunika, na kazi inatembea mbele ya macho yako.

Saa za Kigoma zinataka uangalifu. Saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, lakini tuko magharibi zaidi kwa nyuzi karibu 10 za longitudo, na kila nyuzi moja jua huchukua dakika 4 kuivuka. Jua letu kwa hiyo huchelewa dakika kama 40 kuliko la kwao. Huku huzama karibu saa moja jioni, Februari likasogea hata saa moja na dakika ishirini, na milima ya Kongo huiba dakika chache za mwisho. Rafiki yangu mmoja alipanga mwanga wake kwa mazoea ya Dar na akajikuta amewasha taa zote mchana kweupe.

Vivuli navyo. Siku ambayo jua linazama saa moja, saa kumi na moja mti wa mita 3 unatupa kivuli cha mita 5 na kidogo kuelekea mashariki. Saa kumi na mbili kivuli hichohicho kimefika mita 11, sentimita 22 kwenye mchoro, nami kilinitoka nje ya karatasi. Hapo ndipo nailoni ilinionyesha jambo ambalo akili haikuliona: watazamaji wamesimama upande wa nchi kavu, wanatazama magharibi, jua liko usoni mwao. Mtendaji kwao ni kivuli cheusi. Vidole vinavyoshona, ambavyo ndivyo kazi yenyewe, havionekani hata kidogo mpaka jua lizame. Nilikuwa nimepanga ushonaji wa makini uje mwanzoni. Nikaugeuza: mwanzo mwili wote unatembea na kuuvuta wavu, miondoko mikubwa ya kuonekana kama kivuli, ushonaji unaanza taa zikiwashwa, na taa zinakaa upande wa watazamaji, chini, zikimulika mikono.

Chini ya mchoro acha ukanda mrefu wa sentimita 18. Sentimita 1 ni dakika 10, jumla saa tatu. Kwenye ukanda huo weka kila tukio, na uweke pengo pia. Adhana ya magharibi inakuja mara jua likizama, na Kigoma mtu hashindani na adhana. Mimi nimechora pengo la dakika ishirini: mtendaji anaketi, mikono juu ya magoti, wavu unabaki na upepo. Waliokwenda kuswali wanarudi na kuikuta kazi ilipoachwa. Kusema kweli pengo hilo ndilo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Hatua ya sita: mwili

Mchore mtendaji kwa mistari tu, kichwa duara, mara moja kwa kila dakika 15. Utapata vimtu kumi na viwili. Usipambe. Unatafuta kujua mgongo umepinda muda gani, goti liko chini muda gani, mkono uko juu ya bega muda gani. Mkono ulioinuliwa kwa dakika 15 mfululizo unawaka moto. Ukiona vimtu viwili vinavyofuatana vina mikono juu, badilisha kimoja.

Andika maji yako wapi, na nani anayaleta. Andika choo. Mchoro wa saa tatu usio na choo umechorwa na mtu ambaye hajawahi kukaa saa tatu. Ukitaka alama za miondoko zilizokamilika, upo mfumo wa Rudolf Laban, mtaalamu wa dansi, aliouchapisha mwaka 1928, unaosomwa kutoka chini kwenda juu na kuonyesha kila kiungo. Ni mzuri, ila kwa ufukweni vimtu vinatosha.

Kama unatumia karabai, izungushie duara la mita 1.5 kwenye mchoro wa kunguru, na ndani ya duara hilo kusiwe na wavu. Nyavu nyingi ni za nailoni. Hazisubiri moto uziguse, joto tu linaziyeyusha. Mimi naweka karabai moja kwa ajili ya mvumo wake, na kumi na moja za betri. Sauti nyingine za mwaloni, injini na redio na makelele ya mnada, ziandike pembeni kwa saa zake. Huwezi kuziondoa.

Hatua ya saba: namba

Kila kipande kipewe namba kwenye mchoro na namba hiyohiyo ifungwe kwenye kipande chenyewe. Ukiona ni uchovu wa bure, nenda ukaitazame Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikasafirishwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikapanda reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Nani angeunganisha meli kwa kukumbuka tu? Kazi yako ina vipande arobaini. Viandike.

Baada ya namba tengeneza mfano mdogo: vijiti vya mishikaki viwili, uzi, na kipande cha chandarua kilichochakaa (heri kimalizikie kwenye sanaa kuliko kuvulia dagaa wachanga). Uweke juu ya mchoro, uzime taa, utumie tochi ya simu kama jua. Dakika kumi za mchezo huu zimeniokoa zaidi ya mara moja.

Hatua ya nane: mchoro wa ofisi

Mpaka hapa una karatasi chafu, zenye vumbi la mkaa na alama za kikombe. Hizo ni zako. Sasa nakili mchoro mmoja safi, mistari ya wino, maneno machache, kwa ajili ya watu watakaotoa ruhusa: mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), afisa utamaduni wa manispaa, na pale inapohitajika BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukikaribia eneo la bandari, omba ruhusa hata kabla ya kupima. Maneno "sanaa ya utendaji" humtisha mtu ofisini. Hudhani ni maandamano. Mchoro unaoonyesha mita ngapi, saa ngapi, watu wangapi na njia ya mikokoteni iliyoachwa wazi humpa kitu cha kugonga muhuri.

Weka sahihi na tarehe kwenye ile michafu pia, na usiitupe. Msanii Christo na mkewe Jeanne-Claude, waliofunika jengo la Reichstag mjini Berlin kwa kitambaa mwaka 1995, waligharamia kazi zao kwa kuuza michoro ya maandalizi na kazi nyingine za Christo. Malango 7,503 waliyoyasimika Central Park, New York, Februari 2005, waliyawaza tangu 1979. Miaka yote hiyo kazi iliishi kwenye karatasi. Christo alifariki 2020, na mwaka uliofuata Arc de Triomphe mjini Paris ilifunikwa na wenzake kama alivyoichora. Sisemi mchoro wako wa Kibirizi utanunuliwa kesho. Nasema usifungie vitumbua.

Mkaa utafutika ukiguswa, kwa hiyo upulizie sprei ya nywele ya saluni kutoka mbali, mara mbili nyepesi. Baada ya miaka karatasi inaweza kuwa ya manjano. Ndiyo sababu unapiga picha kwanza, kivulini, bila jua la moja kwa moja.

Hatua ya mwisho: kalamu nyekundu

Siku ya kazi beba nakala, mchoro halisi ubaki nyumbani. Kila kitakachohama mchangani kiandike kwa wino mwekundu, usiku uleule kabla hujalala.

Kwenye mchoro wangu wa wavu mstari mwekundu mrefu kuliko yote uko kwenye mti wa kaskazini. Nilimwomba mama mmoja asogeze chanja yake hatua mbili tu.

"Mwanangu," akaniambia bila kuacha kugeuza dagaa, "chanja hii sihamishi. Sogeza huo mti wako, na wavu uelekeze huku, upepo ukigeuka usiku utanishukuru."

Nikausogeza. Saa mbili kasoro robo upepo ukageuka kuelekea ziwani, wavu ukavimba taratibu upande wa maji huku taa zote kumi na mbili zikiwaka chini yake, na kamba hazikulia. Chanja yake sasa imo kwenye mchoro, kwa wino mwekundu, na jina lake pembeni.